Dyuki si lazima awe mtoto wa mfalme

Wale wapenzi wa katuni za kuzaliwa upya, zile mdada anakufa halafu anaamka ndani ya mwili wa binti wa kabaila, gauni kubwa na mahasimu kibao, wengi wetu huku Tanga tunaamini dyuki (duke, kabaila wa cheo cha juu huko Ulaya) lazima awe damu ya mfalme. Inaeleweka, maana kwenye hadithi dyuki anatisha kuliko mfalme mwenyewe, na Uingereza kweli wana wa mfalme mara nyingi wanapewa udyuki.

Ila dyuki ni cheo tu. Uingereza ngazi ni 5: juu dyuki, halafu makwisi, eli, vaikaunti, chini kabisa baroni, na mtu asiye ndugu wa mfalme anaweza kuwa nacho chochote. Kama liwali wa zamani hapa pwani, aliwekwa na Sultani wa Zanzibar lakini haikumaanisha ni mwanawe.

Sasa utamu uko hapa, katuni nyingi za hivi zinatoka Korea, na vile vyeo vyao 5 asili yake ni China ya kale, mtafsiri ndo anavibandika majina ya Ulaya. Ndo maana jamaa yuleyule tafsiri hii anaitwa eli, ile nyingine kaunti (count, jina la cheo kama eli huko Ulaya bara). Sio kosa, ngazi ni ileile, hata mke wa eli anaitwa kauntesi.

Ukitaka kuhakikisha, chukua ensaiklopidia yoyote uangalie mpangilio wa vyeo, kisha linganisha tafsiri mbili za sura moja. Na binti wa baroni akimtolea maneno binti wa dyuki ukumbini mbele za watu, hesabu ngazi zilizopo kati ya baba zao, hapo utaona kwa nini ukumbi mzima umenyamaza.