Acheni Kuusingizia Utamaduni wa Taifa

Kuna ukurasa mmoja ambao haukosekani kwenye mikakati ya kusimamia mtaji wa maarifa, yaani ujuzi walio nao wafanyakazi: grafu ya alama za Hofstede, mtafiti wa Kiholanzi aliyelinganisha tamaduni za mataifa. Nchi hii ina kiasi gani cha ujumuiya (kundi kutangulizwa kuliko mtu binafsi), ile ina umbali gani wa madaraka (watu kukubali kuwa wakubwa na wadogo hawako sawa), kisha hukumu inashuka: "watu wetu ni wa kushirikiana, watachangia wenyewe", au "wale ni wabinafsi, watabana". Nimeuona mara nyingi mno. Leo siupitishi bila kusema.

Alama zile zilianzia kwenye dodoso za wafanyakazi wa IBM, kampuni moja, kati ya 1967 na 1973. Ni wastani wa mataifa, na Hofstede mwenyewe alionya kuwa hazimpimi mtu mmoja mmoja. Ukizitumia kubashiri kama fundi wa tawi fulani atamfundisha mwenzake namna ya kuituliza mashine korofi, unapiga ramli yenye grafu.

Kinachoniudhi zaidi ni hili neno ujumuiya, ambalo watu hulisoma kama ukarimu. Mshikamano una ukuta. Ndani ya kundi, maarifa hupita upesi, bila fomu wala ruhusa. Yakifika ukutani yanakwama. Mahali ambapo kazi huendeshwa kwa mahusiano ya kuaminiana, kama guanxi ya Wachina, mtandao wa watu wanaojuana na kudaiana fadhila, mtu atakupa usiku wa manane jibu ambalo hataliweka kamwe kwenye hifadhidata inayosomwa na watu 4,000 asiowajua. Meneja anafungua mfumo, anakuta miongozo rasmi tu, anaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wanaficha ujuzi. Hawafichi. Wanaupitisha kwenye simu, chakula cha mchana na kikundi cha ujumbe ambacho yeye hayumo.

Hapo dawa ni kusogeza ukuta. Chukua watu 8 hadi 12 wanaofanya kazi ileile katika vitengo tofauti, wakutanishe ana kwa ana kwanza, wape tatizo la kweli walitatue pamoja, ndipo uwafungulie ukurasa wa mtandaoni. Ukianza na ukurasa, umeanza na kaburi. Kuhusu programu yenyewe sina mengi: yoyote yenye utafutaji mzuri inatosha.

Sasa turudi kwenye taifa. Kiwanda cha magari cha General Motors (GM) cha Fremont, California, kilifungwa 1982. Kikafunguliwa tena 1984 kwa jina la NUMMI, ubia wa GM na Toyota. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, chama chao cha wafanyakazi kilekile, UAW, ila kazi ikawa bora zaidi. Utamaduni wa Marekani haukubadilika ndani ya miaka miwili. Yalibadilika mambo ya kawaida kabisa: mfanyakazi aliyeona hitilafu aliruhusiwa kuvuta kamba na kuita msaada, na kiongozi wa kikosi akaja kusaidia, makumi ya aina za kazi zikapunguzwa zikawa chache, na kampuni ikaahidi kwamba kabla ya kupunguza watu itajibana kwingine kwanza. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipelekwa mafunzoni badala ya kufukuzwa.

Angalia ile ahadi. Ukimwambia mtu akufundishe njia ya kumaliza kazi kwa watu wanne badala ya watano, naye anajua wa tano ni nani, hakuna semina ya utamaduni itakayomfungua mdomo.

Lakini kisa hicho kinanitatiza mimi pia. GM ilikuwa na mameneja humohumo ndani, wanaona kila kitu, na bado ilipata taabu kubwa kuyahamishia mambo hayo kwenye viwanda vyake vingine. Kwa hiyo anayesema "badilisha kanuni na utamaduni utafuata" anauza nusu ya ukweli. Nusu nyingine hakuna aliyewahi kuieleza vizuri, na vitabu huifunika kwa neno "uongozi".

Ujapani husifiwa kwa kurithishana ujuzi wa mkononi, mkubwa kazini akimlea mdogo. Ni kweli, ila urithishaji huo ulisimama juu ya ajira ndefu na kupanda cheo kwa umri: anayekufundisha hakuogopi, kwa sababu hutampita kesho. Gharama yake ilionekana kwenye kile walichokiita tatizo la 2007, pale kizazi kikubwa kilichozaliwa kuanzia 1947 kilipofikia miaka 60 kwa mkupuo, na mengi waliyoyajua hayakuwa yameandikwa. Sheria ilikuwa imerekebishwa kuanzia Aprili 2006 ili waajiri wawabakize wazee hatua kwa hatua hadi miaka 65. Ujerumani nayo, uvumbuzi wa wafanyakazi unaripotiwa vizuri, na watu husema "Wajerumani wanapenda utaratibu". Labda. Lakini tangu 1957 ipo sheria inayomdai mwajiri anayechukua uvumbuzi wa mfanyakazi amlipe fidia ya haki. Hata mimi ningeripoti. Huko California, mikataba ya kumzuia mtu kwenda kwa mshindani kwa kawaida haina nguvu kisheria, basi ujuzi hutembea na miguu ya watu. Unapotaka kutenganisha utamaduni na sheria katika mifano hii, kisu hakipati pa kupita. Anayekupa asilimia ya kila kimoja, mwulize aliipataje.

Vivyo hivyo kwa vipimo. Skandia, kampuni ya bima ya Sweden, ilitoa nyongeza ya mtaji wa maarifa kwenye taarifa yake ya mwaka 1994, na tangu hapo kuna wanaochukua thamani ya kampuni sokoni, wakapunguza thamani ya mali iliyoandikwa vitabuni, na kuiita tofauti hiyo maarifa. Hisa zikishuka Jumanne, wafanyakazi wamesahau nini? IAS 38, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali zisizoshikika, kwa kawaida hairuhusu kuandika ujuzi wa wafanyakazi kama mali, kwa sababu huwezi kuwadhibiti. Wahasibu hapo wametuzidi akili.

Kosa linaloua miradi mingi ni mgawo: kila mtu makala mbili kwa mwezi. Mwezi wa tatu utapata kurasa zilizonakiliwa kwenye mwongozo wa mtengenezaji. Mfumo wa Eureka wa Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, ulioanza kwa mafundi wa Ufaransa kupitia Minitel, mtandao wa Kifaransa wa kabla ya intaneti, ulikwenda njia nyingine: kidokezo kilipitiwa na mafundi wazoefu, kikitoka kilibeba jina la aliyekitoa, basi. Fedha haikuwa chambo.

Kwa anayestaafu, anza miezi 6 kabla. Wiki ya mwisho utaambulia keki na nywila. Usimwulize "unajua nini?", hajui anachokijua. Mpe kazi tano zilizoharibika na mwulize aliona dalili gani kwanza, alipuuza nini, alimpigia nani. Mrithi awepo, naye aandike, kisha mzee asahihishe. Mahali ambapo mdogo hamkatizi mkubwa, mrithi aandike maswali usiku uliotangulia na mtu wa tatu ayasome. Vinginevyo utapata saa mbili za "ndiyo mzee" na daftari tupu.