Gemu ikikatika Lamu si lazima iwe kampuni: uongo tunaoambiana kuhusu neti

Kila Alhamisi usiku simu yangu haitulii. "Kaka, neti imekufa tena, nimetupwa nje ya mechi dakika ya 80 na nilikuwa naongoza!" Huyo ni kijana wa jirani hapa Mkomani, na si yeye peke yake, mtaa mzima unajua mimi ndo nachezea maruta ya watu (vile visanduku vinavyosambaza waifai nyumbani) basi kila lawama inaishia kwangu. Na kila mtu akija anakuja na sababu yake tayari mfukoni, na mara nyingi hiyo sababu ndo shida yenyewe, manake analipia dawa ya ugonjwa asio nao.

"Nitaongeza spidi, nihamie kifurushi kikubwa"

Hii ndo imewala watu pesa kuliko zote. Gemu yenyewe ukishaingia kwenye mechi inakula kidogo sana, nyingi hazifiki hata megabiti moja kwa sekunde. Spidi unaihitaji siku ya kudaunlodi apdeti, hapo sawa, lakini mechi inataka kitu kingine: pingi, yaani muda ambao ujumbe unatoka kwako unafika kwa seva (kompyuta inayoendesha gemu) na kurudi, unahesabiwa kwa milisekunde, na huo muda usiwe unayumbayumba, na paketi, yaani vile vipande vidogo vya data, zisipotee njiani. Fikiria boti za Mokowe. Ukileta jahazi kubwa linabeba magunia mengi zaidi ndio, ila halifiki upesi kwa sababu ni kubwa, na kama magunia yanaanguka baharini basi ukubwa haukusaidii lolote. Spidi ni magunia, pingi ni safari.

Na safari ina kikomo chake. Ndani ya faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa mpaka London ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, na kebo hazipiti mstari ulionyooka, zinatoka Mombasa zinazunguka baharini. Kwa hiyo gemu ikikupeleka seva ya Ulaya ukaona pingi ya 150 hapo hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye setingi uangalie umechaguliwa seva ya wapi, watu wengi hata hawajui wako wapi.

"Waifai iko sawa, baa zote zimejaa"

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu Lamu hii ndo shida nambari moja na hakuna video ya YouTube itakayokwambia. Nyumba zetu za zamani ni kiambaza cha matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Halafu vyumba ni vyembamba, manake boriti ya mkoko haifiki mbali, mita tatu haizidi sana, kwa hiyo ukitoka ukumbini mpaka chumba cha ndani mawimbi yanakutana na kiambaza, halafu kiambaza kingine, halafu kingine tena. Sasa na ruta yenyewe iko wapi? Kwenye zidaka! Nimeikuta huko nyumba zaidi ya moja, imepangwa vizuri katikati ya sahani za kichina, inapendeza kweli, lakini umeizungushia jiwe pande zote ukaacha mbele tu, na mchezaji yuko nyuma ya ukuta huohuo.

Zile baa za simu zinakuonyesha nguvu ya mawimbi wakati huo, hazikwambii paketi ngapi zimepotea. Unaweza kuwa na baa tatu na mechi ikakatika kila dakika tano.

Itoe ruta kwenye kidaka, iweke wazi na juu. Ruta nyingi zina waifai mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Kama kuna kiambaza katikati tumia ile ya 2.4, ya 5 ni nzuri mkiwa chumba kimoja lakini jiwe linaimaliza. Hiyo 2.4 nayo ina foleni kwa sababu nyumba zimebanana na kila mtu ana ruta, jaribu chaneli 1, 6 au 11, uone ipi ina watu wachache. Zile ripita za bei rahisi zinapanua waifai sawa, ila nyingi zinapokea na kutuma kwa redio ileile moja, kwa hiyo unaongeza ucheleweshaji badala ya kuupunguza.

Dawa kamili ni waya. Kebo ya Cat5e inabeba mpaka mita 100 bila shida, mita 15 si kitu, ipitishe juu kwenye boriti ushuke nayo. Usiipitishe chini nje ya mlango, punda akiikanyaga mara mbili tatu umeanza upya. Na vichwa vya waya huku kwetu vinaliwa na chumvi, kikianza kuota ukijani kikate upige kipya.

Kabla hujanunua chochote lakini, pima. Kwenye kompyuta fungua ile skrini nyeusi ya komandi uandike ping 192.168.1.1 -t (namba ya ruta yako iko chini kwenye stika), fungua nyingine uandike ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni anwani ya Google, iko nje ya nyumba yako), ziache zikiendelea wakati unacheza. Gemu ikikatika ziangalie zote mbili. Kama ya ruta nayo imeruka au imeandika muda umeisha, shida iko humo ndani kwenu na kampuni haina kosa. Kama ya ruta imetulia kwenye 1 au 2 na ya pili ndo imekufa, hapo sasa piga simu ulalamike na una ushahidi. Zote zikiwa safi na gemu bado inakutupa, basi ni seva ya gemu au njia ya kuifikia. Kuna gemu pia za wawili zinazowaunganisha wachezaji moja kwa moja, neti ya mwenzako ikifa mechi inakatika na wewe unatukana ruta yako bure.

"Jioni wanatupunguzia makusudi"

Msongamano wa jioni upo, sikatai. Lakini nilienda nyumba moja analalamika hivyohivyo, kupima, pingi imetulia kabisa, ghafla ikapanda mpaka 600. Kumbe dada yake ndo amerudi kutoka harusini anapandisha video, na simu ya mama inatuma picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandisha ikijaa, paketi zako ndogo za gemu zinapanga foleni nyuma ya video ya harusi. Ingia kwenye ruta, kama ina QoS (setingi ya kupanga data ipi ipite kwanza) iwashe, uweke kikomo cha kupandisha chini kidogo ya ile spidi unayopata kweli, na hizo bakapu zifanyike usiku watu wamelala.

Kuna siku kweli ni nje kabisa. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini na Afrika Mashariki nzima ikasota. Siku kama hizo hata ukibadilisha ruta tatu haisaidii.

Kubadilisha DNS ati pingi ishuke: hapana. DNS ni kutafuta anwani tu, ukishaunganishwa na seva haina kazi tena. VPN, ile programu inayopitisha neti yako kwenye seva nyingine kwanza, mara nyingi inarefusha safari, inasaidia pale tu njia ya kampuni yako inapozunguka vibaya.

"Nikiweka Starlink nimemaliza"

Hii neti ya satelaiti iliingia Kenya Julai 2023, na satelaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, si zile za zamani za kilomita 36,000 ambazo gemu hazichezeki. Ila dishi linataka anga tupu. Ukiliweka chini ya mnazi, satelaiti ikipita nyuma ya makuti unakatika sekunde chache, kuangalia sinema huoni tofauti, kwenye gemu umeshakufa. Kusi ikivuma ndo balaa. Mvua kubwa nayo inaisumbua, wakati zile antena za juu ya paa za 5 GHz mvua haizifanyi kitu sana, zikikatika mvuani angalia maji kwenye kiungio cha waya.

Ukiona pia gemu inaandika NAT kali (yaani wachezaji wengine wanashindwa kukufikia) na umefungua poti zote, ile milango ya data, kwenye ruta, huenda kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo poti zako hazifiki popote, waombe anwani ya umma, wengine wanauza.

Halafu stima. Inazima nusu sekunde tu, taa hata hujaona, lakini ruta imejizima na inachukua dakika mbili tatu kurudi. Kuna viyupiesi vidogo vya ruta, yaani betri za kuishikilia stima ikizima, angalia tu nyuma ya adapta kama ni volti 12 au 9, na zile ampea, usinunue kwa kukisia.