Madoa kwenye ubongo wa mgonjwa wa saratani: kabla ya kusema "imesambaa"

Mama ana saratani ya umio, na tayari imefika kwenye ini. Wiki hii ameanza kuchanganyikiwa na mkono wa kulia umelegea. Familia inampeleka Upper Hill, Nairobi, kupigwa picha ya kichwa, ripoti inatoka: madoa kadhaa ubongoni, chanzo hakijabainika. Bahasha haijamfikia daktari, na ukoo mzima umeshaambiwa kwamba "imepanda kichwani".

Huenda ni kweli, lakini picha haijasema hivyo. Doa ni sehemu tu ya ubongo inayoonekana tofauti na zingine. Linaweza kuwa saratani iliyosafiri kwa damu, jipu la usaha, kiharusi, TB ya ubongo, toksoplasmosisi (maambukizi ya kimelea yanayowapata hasa wenye kinga dhaifu), mabuu ya tegu, au madhara ya mionzi kwa aliyewahi kuchomwa kichwani. Na yanafanana sana. Mgonjwa akidungwa dawa ya rangi, saratani iliyooza katikati hutokea kama pete, ukingo unang'aa na ndani ni peusi. Jipu nalo hutoa pete hiyo hiyo. TB na toksoplasmosisi pia. MRI (picha ya sumaku) husaidia kuliko CT (picha ya eksirei), hasa ile picha yake inayoonyesha maji yanavyosogea ndani ya tishu: usaha mzito huyazuia, kwa hiyo katikati ya jipu mara nyingi hung'aa. Hata hapo si kila mara jibu linapatikana.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 54 wenye saratani inayojulikana na doa moja ubongoni, wote wakidhaniwa kuwa saratani imesambaa. Nyama ilipopimwa, 6 hawakuwa nayo ubongoni. Madoa yakiwa mengi, uwezekano wa saratani hupanda, lakini Nairobi kuna TB na VVU, na kemo hushusha kinga. Kwa hiyo kipimo cha VVU, hata kama cha mwaka jana kilikuwa safi, ni cha lazima. Akiwa na VVU na CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 100, toksoplasmosisi inapanda juu kwenye orodha, na mara nyingi daktari huanza dawa zake kisha hurudia picha baada ya wiki mbili hivi. Madoa yakipungua, jibu limepatikana bila kufungua fuvu.

Aina ya saratani nayo inazungumza. Ya mapafu, ya matiti, ya figo na melanoma (saratani ya ngozi) hupenda ubongo. Ya umio hufika huko kwa nadra, na ndiyo sababu kwa mama huyu ningesita zaidi.

Jambo moja linaloniuma ni haraka ya kutoa deksamethasoni. Ni dawa nzuri: hupunguza uvimbe, na mgonjwa anayezidi kusinzia asicheleweshwe. Lakini ikiwa doa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, dawa hiyo inaweza kulinyausha hata sampuli ikose jibu. Kutoa maji ya mgongo ili yapimwe pia si salama shinikizo likiwa kubwa kichwani, kwa hiyo picha hutangulia.

Basi, je, apasuliwe kichwa kutolewa sampuli? Hapo swali ni kama jibu litabadilisha matibabu. Jipu hutibika, TB hutibika, hata kwa mtu ambaye saratani yake haiponi, na miezi ya kumtambua mjukuu wake si kitu kidogo. Lakini ikiwa mwili umechoka kiasi kwamba hakuna matokeo yatakayobadilisha chochote, kuacha uchunguzi na kushika tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, ni uamuzi wa kitabibu kamili. Mgonjwa akiwa bado anaelewa, aulizwe yeye kwanza, si mwanawe mkubwa.

Kliniki ipelekewe CD ya picha yenyewe pamoja na ripoti, picha za zamani, orodha ya dawa, na tarehe aliyoanza deksamethasoni. Picha ya miezi sita iliyopita inaweza kuonyesha kwamba doa lilikuwepo tangu zamani na halijakua.