Mwenye pesimeka hufa aje?

Hili swali halikosi kwa matanga huku Kisumu, marehemu alikuwa amewekewa kile kimashine cha moyo na sasa watu wanangoja chai wakiulizana, mbona hakikuendelea kumpigia moyo? Kuna hata wenye hubisha eti lazima daktari akizime kwanza ndio mtu akate roho. Zii. Shida inaanza pale tunapodhani pesimeka husukuma damu, na haisukumi hata tone.

Ni betri na kakompyuta ndani ya kifuko cha chuma, kinawekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, halafu waya mwembamba unapitia kwa mshipa hadi ndani ya moyo. Kazi yake ni kuushtua msuli na stimu kidogo, volti chache tu, na kila mshtuko haudumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Chukua makanga pale Kondele. Akigonga bodi dereva anang'oa, lakini mwenye anavuta gari ni injini. Injini ikishanoki anaweza gonga mpaka bodi ibonyee, gari liko palepale. Moyo uliokosa oksijeni ni hivyo hivyo, pesimeka inazidi kutuma stimu kwa uaminifu wote, hata kwa skrini ya ECG, ile mashine ya kuchora mapigo ya moyo, utaona vijiti vyake vimesimama wima, na msuli haujibu. Tena makanga mjanja hagongi ovyo, dereva akiondoka mwenyewe kwa wakati yeye hunyamaza. Pesimeka za siku hizi nyingi husikiliza kwanza, moyo ukichelewa ndio zinagonga, kwa hivyo kuna wagonjwa ambao mashine yao hukaa masaa mengi ikiskiza tu.

Wa kwanza kupandikizwa pesimeka ni Arne Larsson, huko Uswidi, Oktoba 8, 1958, mtu aliyekuwa akizirai mara nyingi kwa siku. Injinia Rune Elmqvist ndiye aliiunda, akatumia mkebe wa rangi ya viatu kama kalibu ya kumiminia epoksi, plastiki inayoganda (kweli kabisa), daktari Åke Senning akaipandikiza, na ikazima baada ya masaa machache. Larsson hakuzima. Alimaliza pesimeka 26, injinia akafa 1996, daktari 2000, yeye akaenda 2001, na ilikuwa kansa, si moyo.

Ukizikwa nayo haina neno. Lakini wanaochoma maiti lazima waitoe kwanza, kwa moto betri hulipuka.