Direksio asiste ku trakteri ya zamani: iko nini na inafanya kazi namna gani

Direksio asiste maana yake nguvu ya kugeuza mipira ya mbele inatoka ku moteri, shofa anabakia paka na kazi ya kuonyesha upande. Ku trakteri mingi ya zamani, sawa Massey Ferguson 135 yenye ilianza kutengenezwa mu 1964, zingine zilitoka ku fabriki bila hii kitu, volani inashuka ku boksi ya direksio kiisha ma fimbo ya chuma mpaka ku mipira, basi uzito yote ya mbele inakuja mu mabega ya mutu.

Ku mashamba ya mahindi pembeni ya Lubumbashi uzito inasikilika sana pale trakteri imebeba pele ya mbele, ile chepe kubwa ya kubebea vitu, ao pale unageuza ikiwa imesimama, juu mupira inajikwaruza pa udongo, ikitembea hata kidogo tu inalegea.

Batu banaweka namna tatu ya direksio asiste. Ya kwanza ni verini, ni silinda yenye mafuta ya presha inasukuma fimbo yake, inasaidia ma fimbo ya zamani, volani inabakia imeshikana na mipira. Ya pili ni moteri ya umeme ya ku volani yenye inatolewa ku gari ndogo, ni rahisi kufunga lakini inakula umeme mingi, na dinamo ya zamani sawa Lucas C40 inatoa paka ampere 22, kwa hiyo utatafuta alterneteri kwanza. Ya tatu njo hidrostatiki: chini ya volani kuko orbitrol, ni pompi ndogo na valvu pamoja, inapima mafuta na kuituma ku verini kwa fileksibu, ni tiyo laini ya mafuta, na hakuna tena chuma kati ya volani na mipira.

Hapa hesabu inahitajika. Kamata verini ya milimita 50 ndani, fimbo yake 25, mwendo 200: upande bila fimbo inajaa na karibu sentimita kibu 393, upande ya fimbo 295. Na orbitrol ya sentimita kibu 100 kwa muzunguko, utazungusha volani karibu mara 4 upande moja na mara 3 upande ingine. Verini ya fimbo mbili inaondoa hiyo tofauti. Mutu akizungusha volani mara moja kwa sekonde anahitaji litre 6 kwa dakika, na pompi inapashwa kutoa hiyo hata moteri ikiwa pole pole.

Usizani pompi ya kunyanyua jembe ya ile Massey itatosha. Iko ndani ya boksi, na distribiteri yake, ile valvu ya kuongoza mafuta, inafunga mafuta ku upande ya kunyonya, kwa hiyo haitume mafuta bila kukatika. Weka pompi yake ya pekee yenye kuzungushwa na mukaba ya moteri, na klape ya presha, yenye inaachilia mafuta presha ikizidi, na filtri.

Kitu yenye ninasisitiza ni hii: direksio asiste haitengeneze direksio yenye imekufa. Volani inacheza, rotili (viungo vya ku mwisho ya ma fimbo) zimelegea, pivo (bichuma byenye mipira inageukia) zimekulwa, ukiongeza verini nguvu inaingia mu bile bichuma bidhaifu na shofa hasikie tena kitu kinapiga. Anza na hivyo bichuma, hata kama bei ya pisi zenye zinapita Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, inauma. Na kwa hidrostatiki fikiria barabara ya Likasi na remorki imejaa mahindi: moteri ikizimika orbitrol nyingi bado zinageuza kwa mukono, kwa uzito sana, lakini fileksibu ikipasuka hauna kitu ya kugeuza mipira. Fileksibu ya kuokota ao ya presha ndogo, hapana hata kidogo.

Siku ya kwanza nyanyua mbele mipira isiguse chini, washa moteri pole pole, zungusha volani mwisho mpaka mwisho mara mingi mpaka povu inaisha mu tanki, kiisha ongeza mafuta yenye imepunguka.