Rabi wa Rembrandt: je, ni yeye kweli?

Mwaka 1636 Rembrandt, mchoraji Mholanzi, alichora kwenye bamba la shaba la kuchapia picha mwanamume mwenye kofia pana, kola nyeupe iliyolalia mabega, sharubu na ndevu fupi. Picha hiyo imezoeleka kuitwa Menasseh ben Israel, rabi (kiongozi wa dini ya Kiyahudi) na mchapishaji wa vitabu wa Amsterdam. Ushahidi wa jina hilo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani.

Dhana: Jina limo kwenye picha yenyewe.
Halimo. Kilichomo ni saini ya Rembrandt na mwaka, basi. Jina lilibandikwa baadaye, kisha likawa linanakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine. Tofautisha na tabibu Ephraim Bueno, ambaye Rembrandt alimchora mwaka 1647: huyo alichorwa pia na mchoraji Jan Lievens, na chapa ya Lievens imeandikwa jina lake.

Dhana: Walikuwa majirani, kwa hiyo lazima ni yeye.
Hapa ndipo wengi hunasa, na si ajabu, maana ujirani ulikuwepo kweli. Rembrandt alinunua nyumba Breestraat mwaka 1639, mtaa uliokuwa na Wayahudi wengi wenye asili ya Ureno. Mwaka 1655 alichora picha 4 za kitabu cha Menasseh, *Piedra gloriosa*. Lakini angalia tarehe: nyumba ilinunuliwa miaka 3 baada ya picha, na kitabu kikaja miaka 19 baada yake. Kazi ya 1655 haituambii ni nani aliyekaa mbele ya mchoraji mwaka 1636.

Dhana: Mavazi ni ya rabi.
Kofia na kola za namna ile zilivaliwa na wafanyabiashara wa Amsterdam, Wakristo kwa Wayahudi.

Dhana: Hakuna picha nyingine ya kulinganisha.
Ipo. Mwaka 1642 Salom Italia, msanii Myahudi, alichonga picha ya Menasseh yenye jina lake. Ziweke hizo mbili bega kwa bega, utazame macho, pua na umbo la uso. Ni kweli kwamba picha ya bamba ikichapwa hugeuka, kushoto kukawa kulia, na miaka 6 humbadilisha mtu. Hata ukiyahesabu hayo yote, ni vigumu kuona mtu mmoja, na wataalamu wengi wameliacha jina hilo. Nami naona lebo ya haki ni “Picha ya mwanamume, 1636”, na jina la Menasseh litajwe chini kama dhana ya zamani.