Uvimbe wa kwapani usiouma: maswali ninayoulizwa Bukavu

Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, aliinua mkono mbele yangu. Kwapani palikuwa na uvimbe kama yai la kuku, na juu yake chale za wembe zilizopakwa majani yaliyosagwa. "Hauumi," akaniambia, "ndiyo maana sikuharakisha." Ilikuwa imepita miezi minane. Neno hilo nalisikia tena na tena, na uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa kansere (saratani) ya titi.

Kansere ya titi inafikaje kwapani?

Titi halikomei pale sidiria inapokomea. Nyama yake ina mkia unaopanda hadi kwapani, na kansere inaweza kuanzia humo humo. Karibu nusu ya kansere za titi huanzia upande wa juu wa nje, yaani ule unaoelekea kwapa. Au kansere imeanza ndani ya titi, ikasafiri hadi kwenye tezi za kwapa zinazochuja maji yanayotoka kwenye titi.

Uvimbe wangu hauumi. Si dalili nzuri?

Hapana. Mwanzoni kansere ya titi mara nyingi haiumi. Jipu huuma, huwa la moto, huiva, hutumbuka, na kwa kawaida wiki mbili zikifika linaelekea kwisha. Uvimbe mgumu, usiouma, usiopungua, ndio unaoninyima usingizi.

Basi ningoje kwanza nione kama utaanza kuuma?

Hapana, mama. Ukingoja maumivu, unangoja ugonjwa ukomae. Wiki mbili zimepita na uvimbe bado upo? Njoo. Unanyonyesha? Njoo. Una miaka 30 tu? Njoo. Wewe ni baba? Njoo vilevile, maana katika kila wagonjwa 100 wa kansere ya titi, mmoja hivi ni mwanaume. Hauumi? Njoo leo.

Jirani amesema ni maziwa yameganda.

Inawezekana. Wanawake wengine wana nyama ya titi kwapani ambayo huvimba wakijifungua. Lakini huyo jirani alikushika kwa vidole, au alisema akiwa amesimama mlangoni?

Na wembe, majani, kitambaa cha maji moto?

Acheni, tafadhali. Chale haitoi kansere. Inafungulia vijidudu mlango, kidonda kinaoza, na ukifika kwetu tunashindwa kutenganisha kilichooza na kilicho kansere. Kuhusu maombi, simkatazi mtu. Omba ukiwa njiani kuja, wala usikae wiki sita kwenye chumba cha maombi huku uvimbe unakua.

Wanasema sindano ya biopsi inaitawanya kansere.

Si kweli. Sindano inachukua kipande kidogo cha nyama kipelekwe laboratwari, basi. Watu wanaona mwenzao amechomwa sindano, kisha amefariki, wanailaumu sindano. Hawahesabu miezi aliyokaa nyumbani kabla ya kuchomwa. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apate jibu ndani ya siku 60 tangu afike kwa mara ya kwanza. Yule mama wa sambaza alikuwa amemaliza siku 60 mara nne kabla hata ya kufika.

Kwenye fishi yangu, ile karatasi ya matibabu, wameandika C50.6. Ni nini?

Ni nambari ya CIM-10, orodha ya magonjwa ya Shirika hilo hilo. C50 ni kansere ya titi; tarakimu inayofuata nukta inataja mahali. 4 ni upande wa juu wa nje, 6 ni mkia wa kwapani, 9 ni kwamba mahali hapakutajwa. Tezi za kwapa zilizovamiwa na kansere iliyotoka kwenye titi zina nambari yao, C77.3, na ile ya titi inabaki kando yake.

Hapa nawaambia na wenzangu wanaojaza mafishi. Daktari akiandika "kansere, kwapa" tu, rudi umwulize: mkia wa titi, au tezi? Ni ugonjwa uliofika mahali tofauti, na matibabu yake yanapangwa tofauti. Msikimbilie C50.9 kwa sababu jioni imefika. Kabla ya jibu la laboratwari, uvimbe wa titi ni N63. Msimwandikie mtu kansere ambayo haijathibitishwa. Na mwandike kwa maneno kulia au kushoto, kwani nambari hizi hazitaji upande.

Nikifika niseme nini?

Usiseme "jipu", maana utapewa dawa ya jipu urudi nyumbani. Sema: "Nina uvimbe kwapani, upande huu, tangu mwezi fulani." Vua sidiria. Inua mkono uonwe, kisha uteremshe ulegee wakati wa kushikwa, kwa sababu mkono ukiwa juu nyama hukaza na tezi hujificha. Kama anayekupima hajashika matiti yote mawili na makwapa yote mawili, hajamaliza kukupima. Mwombe amalize kabla hujavaa.